Wota Pampu Ifunguliwe Wapi: Gereji au Uani?

MWENYE GARI: Fundi, safari hii nafanya mwenyewe, nyumbani. Forester yangu ya turbo inapoteza maji kidogo kidogo, na kila asubuhi kuna tone la kijani chini ya bampa la mbele. Nikimulika kwa tochi naona yanatokea nyuma ya kava la taimingi belti. Na kule chini, pale kipozeo cha oili kinapokutana na bloki juu ya filta, kumejaa oili iliyoshika vumbi. Kwa hiyo ni wota pampu na oringi ya kipozeo. Spea zake zinapatikana Gerezani, na utaratibu wake umeandikwa kitabuni hatua kwa hatua. Nikulipe kwa kazi gani hasa?

FUNDI: Dada, unaitaja wota pampu kana kwamba imening'inia nje. Kwenye Vitz sawa, pampu inaendeshwa na belti ya nje, na ukiifunga vibaya belti itapiga kelele tu. Kwenye injini yako pampu inazungushwa na mgongo wa taimingi belti. Huifikii bila kuvua belti hiyo. Ukikosea jino moja injini inatetemeka. Yakizidi, valvu zinagonga pistoni, na hapo pampu tunaisahau, tunaanza kuhesabu gharama za kushusha silinda hedi mbili.

MWENYE GARI: Hilo nalijua, na waliounda injini hii walilijua kabla yetu. Ndiyo maana wameweka alama. Krenki ikikaa kwenye alama yake, pistoni zote nne zinakuwa katikati ya silinda, hakuna hata moja iliyo juu ikingoja kugongwa. Mtu anayefuata alama ana nafasi ya kupumua.

FUNDI: Umesoma nusu. Injini yako ina kamshafti nne, mbili kila upande. Za kushoto zinakaa zimebanwa na springi za valvu, na belti ikitoka zinaruka zenyewe. Ukizirudisha kwa kuzizungusha upande usiotakiwa, valvu za kuingiza na za kutoa zinagongana zenyewe kwa zenyewe, pistoni hata hazijahusika. Na hiyo alama ya krenki, unaijua ni ipi? Maana kwenye giya ya krenki kuna mshale, na kila anayeuona anaufurahia.

MWENYE GARI: Mshale siyo. Alama ni mstari uliokatwa kwenye ukingo wa nyuma wa giya, unaoelekezwa juu kabisa, kwenye alama iliyopo kwenye pampu ya oili.

FUNDI: Hapo umenijibu. Gari zinazofika kwangu zikivutwa kwa kamba, nyingi zimefungwa kwa kufuata mshale. Lakini kujua alama ilipo ni jambo moja. Kuna tenshena, ile ya majimaji. Belti ikitoka inachomoza pini yake, na lazima irudishwe ndani kabla ya kufunga. Mtu wa nyumbani anaibana kwa haraka, anaua sili ya ndani, anaifunga ikiwa imekufa. Gari linawaka vizuri. Baada ya muda belti inalegea.

MWENYE GARI: Inabanwa ikiwa imesimama wima, polepole kwa dakika kadhaa, kisha unapitisha kipini kwenye tundu lake. Haihitaji nguvu, inahitaji mtu asiye na haraka. Nikuulize na mimi, fundi, bila kukukosea heshima: kwenye gereji yako, siku ambayo kuna magari sita yanangoja na kila mwenye gari anapiga simu, nani ana hizo dakika?

FUNDI: Hilo swali ni zito, sitalikwepa. Kuna siku hatuna. Lakini mkono uliokwisha bana tenshena nyingi unajua inapokataa. Wako haujawahi kuibana hata moja.

MWENYE GARI: Haya, tuje kwenye mkono. Bolti za wota pampu ni nyembamba, za spana namba 10, zinaingia kwenye bloki ya aluminiamu. Kitabu kinasema Newton-mita 12, kwa mpangilio maalumu, kisha urudie kwa mkazo uleule. Nina spana ya kupimia mkazo, ikifika inabofya. Gerejini kwako sijawahi kuiona.

FUNDI: Ipo, inakaa kabatini.

MWENYE GARI: Inakaa kabatini.

FUNDI: Inatoka tukifunga silinda hedi. Kwa bolti ndogo natumia kiganja, nashika rechi karibu na kichwa chake ili nisiwe na nguvu ya kupitiliza. Unacheka, lakini bolti ikiwa na kutu, au nyuzi zikiwa na mabaki ya silikoni ya zamani, spana yako itabofya kabla bolti haijabana kitu. Inapima ugumu wa kuzunguka. Haijui ugumu huo umetoka wapi. Mimi nikisikia bolti inazunguka kwa ukavu, naitoa, nasafisha tundu, naanza tena. Na ikikatikia ndani? Hapo uani kwako utafanya nini, dada? Mimi nina mashine ya kuchomelea, nina tepu za kuchonga nyuzi, nina jirani wa leti hatua chache kutoka hapa.

MWENYE GARI: Ikikatika nitakuita. Sikusema nitaishi bila fundi. Nimesema kazi hii haihitaji kuanzia kwa fundi.

FUNDI: Ndiyo kazi tunazozichukia kuliko zote, zile za kumalizia. Umeletewa gari limefunguliwa, bolti zimechanganywa, kava lipi lilianza hujui, na mwenyewe anataka alipe nusu kwa sababu "kazi kubwa nimeshafanya".

MUUZA SPEA: Naomba niingie hapo, maana wote wawili mnapita dukani kwangu. Mtu wa nyumbani ana tatizo lake, fundi ana lake. Wa nyumbani anakuja na maneno, "nipe wota pampu ya Forester". Forester ipi? Injini ipi? Ya turbo ina kipozeo cha oili, nyingine nyingi hazina. Anachukua, anarudi kesho na pampu imepakwa silikoni, anataka nibadilishe. Fundi yeye anakuja na ile ya zamani mkononi, tunalinganisha, tunamaliza. Lakini fundi naye ananiambia kimyakimya: risiti andika juu kidogo.

MWENYE GARI: Umelisema mwenyewe, mimi nilikuwa naona haya. Cha juu.

FUNDI: Na mimi silikani. Tulizungumze wazi. Ukiniletea gari, nikikwambia ufundi wa taimingi belti na wota pampu ni kiasi fulani, unashika kichwa, unasema "kufungua bolti tu?" Unakata nusu. Lakini spea hujui bei yake, kwa hiyo hapo hukati. Basi fundi anarudishia kwenye spea kile ulichomnyima kwenye jasho. Siyo sawa, nakubali. Ila huo mlango wenye magari ndio waliufungua.

MWENYE GARI: Ningelipa ufundi kamili kama ningejua ninachofungiwa ndicho nilichonunua. Tatizo la cha juu siyo zile elfu chache. Fundi anayekula kwenye tofauti ya bei ana sababu ya kuchagua pampu ya bei ya chini na kunitoza ya bei ya juu. Mimi sioni ndani ya kava. Nitakuja kuona siku beringi ya pampu inashika, inachana belti, na injini inazimika katikati ya barabara ya Morogoro. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini nafanya nyumbani, jibu la kwanza ni kwamba boksi nitalifungua mimi.

MUUZA SPEA: Na ukilifungua uangalie gasketi kwanza. Pampu zenyewe zinafanana kwa macho. Gasketi ndiyo inasema. Ile nzuri ya injini hii ni ya bati, imepakwa tabaka jembamba jeusi la mpira pande zote. Kwenye boksi nyingi za bei ya chini unakuta karatasi. Gasketi ya bati unaweza kuinunua peke yake, haina gharama ya kutisha, lakini sijui ni wateja wangapi waliwahi kuiulizia. Wanauliza bei ya pampu, basi.

FUNDI: Gasketi ya bati inataka uso ulionyooka. Hapa Dar watu wanajaza maji ya kisima kwenye rejeta, maji ya chumvi, miaka na miaka. Ukitoa pampu unakuta aluminiamu imeliwa, ina vishimo kuzunguka njia ya maji. Bati halizibi kishimo. Ndiyo maana tunapaka silikoni, siyo kwamba hatujui kitabu kinasema nini. Kitabu kiliandikwa kwa bloki iliyonyweshwa kulanti tangu ilipozaliwa.

MWENYE GARI: Silikoni nyembamba kama utando, pale penye kishimo, siipingi. Ninayoipinga ni ile inayofinywa kutoka kwenye tyubu kama mtu anapamba keki. Nusu inatokeza nje, inaonekana, fundi anaikata kwa kisu. Nusu nyingine inatokeza ndani, haionekani, inakatika vipande na kwenda kukaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Na kwenye upande wa oili ni hatari zaidi, kipande kikifika kwenye chujio la pampu ya oili, turbo inakosa oili kabla hujaona taa.

FUNDI: Hapo tuko pamoja. Nimewafukuza vijana kwa sababu hiyo. Na kingine ambacho watu wa nyumbani wanakipenda, ile diski ya msasa inayofungwa kwenye drili. Inang'arisha uso haraka, inapendeza, halafu unga wake unaingia kwenye oili na kula beringi. Uso wa kipozeo usafishwe kwa kikwaruzo cha plastiki na kitambaa, ukiwa umeziba matundu. Mikono itauma. Iume.

MWENYE GARI: Nimeliandika hilo.

FUNDI: Sasa tuje kwenye hicho kipozeo, maana umekisia mno. Umejuaje ni oringi? Pengine kimepasuka ndani.

MWENYE GARI: Kingepasuka ndani, oili ingeonekana kwenye tanki la maji. Injini ikiunguruma, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili ndiyo inasukumwa kwenda kwenye maji. Tanki langu ni safi.

FUNDI: Na ukizima injini? Presha ya oili inakufa palepale. Maji bado ni ya moto, mfuniko wa rejeta bado umeyabana kwa bar 1 hivi. Hapo maji ndiyo yanayokwenda kwenye oili. Umechomoa stiki ya oili asubuhi, kabla ya kuwasha? Umefungua mfuniko wa kujazia oili ukaangalia chini yake? Tanki safi ni ushahidi wa upande mmoja.

MWENYE GARI: Stiki nimeangalia, mfuniko bado. Nitaangalia kesho kabla sijagusa kitu.

FUNDI: Ukikuta utando wa rangi ya maziwa, usifungue chochote, nipigie.

MUUZA SPEA: Na mimi niseme la oringi, kwa kuwa hapa ndipo ninapowaogopa wote, wa gereji na wa nyumbani. Mtu anakuja na ile ya zamani imekauka, imekuwa bapa, anasema nitafutie inayolingana. Ninalo boksi la oringi za kila kipimo, namtafutia, inaingia. Lakini mpira una aina. Kuna mpira uliotengenezwa kwa ajili ya maji na kulanti. Ukiuweka penye oili unavimba, unalainika, unatoka kwenye mfereji wake. Mpira wa oili ni mwingine, na pale penye joto la turbo unafaa wa daraja la juu zaidi. Kwa macho zote ni nyeusi. Nikiuza kwa kipimo peke yake, nimekuuzia bahati nasibu.

MWENYE GARI: Na kwa nini unaiuza?

MUUZA SPEA: Kwa sababu oringi yenyewe halisi inauzwa kwa namba yake, bei mara kadhaa ya ile ya boksini, na mteja ananiambia "mpira mdogo hivi?" Nikimkatalia anakwenda duka la pili. Leta namba ya fremu ya gari. Nitakutafutia yenyewe, hata kama itachukua siku.

FUNDI: Sikiliza hiyo, dada, maana inagusa hoja yako. Siku anayoisema wewe unayo. Mimi nikilala na gari lako bila oringi, nimeziba nafasi ya gari lingine, na wewe unapiga simu kila saa.

MWENYE GARI: Ndiyo hoja yangu! Kazi hii inaharibika kwenye kungoja. Kungoja oringi sahihi ifike, kungoja injini ipoe usiku kucha, kungoja hewa itoke kwenye njia za maji. Gereji inauza muda, haiwezi kungoja. Mimi nyumbani kungoja ni bure.

FUNDI: Usiseme ni bure. Ni bure kwa sababu una mshahara unaotoka kwingine. Vijana wangu wanne wanaishi kwa hizi kazi, na wanajifunza kwa hizi kazi. Hakuna aliyezaliwa anajua alama ya krenki. Mkichukua nyumbani kazi zote zinazofundisha, mkatuletea zile zilizoshindikana tu, baada ya miaka kumi mtakuta mafundi wanaojua kumalizia na hawajui kuanza. Gari litakapokuzidi, utampigia nani?

MWENYE GARI: Hapo umenigusa. Lakini kijana anajifunza nini, akiona themostati inatolewa na kutupwa? Gari hili nililinunua halina themostati. Aliyeitoa alifundishwa na mtu, na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyohivyo.

FUNDI: Nchi ya joto, walituambia.

MWENYE GARI: Joto la nje haliiondolei injini haja ya themostati! Kwenye injini hii inakaa chini, penye mlango wa wota pampu, na inaanza kufunguka kwenye nyuzi joto karibu 80. Bila hiyo injini inachelewa kufika joto lake, inakunywa mafuta zaidi, na oili inachafuka upesi. Na pampu mpya ukiifunga bila themostati, umerudisha nusu ya mfumo.

FUNDI: Nikwambie kwa nini zilitolewa, halafu uhukumu. Themostati za bei ya chini ziligoma zikiwa zimefungwa. Mtu yuko njiani kwenda Dodoma, mshale wa joto unapanda, gasketi ya silinda hedi inaungua, analaumiwa fundi aliyemwekea. Fundi aliyeitoa hakulaumiwa na mtu. Tulijifunza kuitoa kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba gari lake linachelewa kupata moto. Siku hizi naichemsha kwenye sufuria kabla ya kuifunga, naitazama inavyofunguka. Ikichelewa, inarudi dukani.

MUUZA SPEA: Anazirudisha kweli. Nampokea bila ugomvi.

MWENYE GARI: Basi na mimi yangu nitaichemsha. Ile hewa nayo, nimeona watu wanajaza maji, wanafunga, wanaondoka. Gari linachemka siku ya pili, wanasema pampu ilikuwa feki.

FUNDI: Kwako ndiyo zaidi, kwa sababu gari la turbo lina mifuniko miwili. Mmoja wa rejeta, mwingine wa lile tanki dogo juu, karibu na turbo. Usiichanganye, haifanani presha. Kujaza jaza kwenye tanki dogo, ndilo liko juu kuliko vyote. Fungua skrubu ya hewa kwenye rejeta, mimina kulanti polepole mpaka itoke bila mapovu, funga. Washa, weka hita kwenye moto wa mwisho, ngoja feni ziwake na kuzima. Zima, acha ipoe, jaza tena. Ni lita saba hivi. Kama umemwaga saba na zimeingia tano, gari halijajaa, hata kama linaonekana limejaa.

MWENYE GARI: Na ile ya zamani nitaikinga kwenye beseni.

FUNDI: Beseni lisilale uani. Kulanti ni sumu na ina utamu, mtoto au paka akionja hataitema. Tia kwenye dumu, funga, lete hapa pamoja na oili chafu. Hilo nalo watu wa nyumbani hawalihesabu. Nyumba ya kupanga, sakafu ya mwenye nyumba, watoto wa wapangaji wenzako wanapita, gari liko juu ya jeki.

MWENYE GARI: Juu ya stendi. Chini ya jeki peke yake siingii. Na sakafu yangu ni ya zege, imenyooka. Samahani fundi, hapa kwako gari linasimama kwenye mchanga chini ya mwarobaini, na jeki imewekewa ubao.

FUNDI: Ubao ndio unaozuia isizame.

MWENYE GARI: Najua. Nasema tu kwamba tukilinganisha mahali, uani kwangu hapatashindwa.

FUNDI: Mahali sikatai. Nakuuliza dakika moja tu ya kazi nzima. Umefunga belti, umechomoa kipini cha tenshena, unazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kupiga stata. Katikati inagoma. Ni mgandamizo wa hewa kwenye silinda, au ni valvu imekutana na kitu? Utajuaje?

MWENYE GARI: Mgandamizo ukishikilia rechi na kungoja, unalegea, hewa inavuja taratibu na krenki inaendelea. Chuma kikikutana na chuma hakilegei. Kikikataa narudi nyuma, siongezi nguvu. Na baada ya mizunguko miwili naangalia alama za giya, siyo mistari ya belti, maana mistari ya belti hairudi mahali pake haraka.

FUNDI: Jibu ni sahihi. Sasa lijibu tena ikiwa ni saa tano usiku, umechoka, tochi inakufa, na kesho una kazi.

MWENYE GARI: Saa tano usiku sitakuwa kwenye krenki. Naanza Jumamosi asubuhi. Jumatatu napanda daladala, na Jumanne pia ikibidi.

FUNDI: Na mwenye nyumba akisema gari liondoke leo, limefunguliwa nusu?

MWENYE GARI: Nakupigia simu, nalipa ufundi kamili, sikati. Utakuta kila bolti imechomekwa kwenye kadibodi niliyochora uso wa injini, kila moja kwenye tundu lake.

FUNDI: Nikizikuta hivyo, nakuja na kijana mmoja, amalizie yeye huku tunamtazama. Nikikuta zote kwenye kopo moja, tafuta mtu mwingine.